Mhariri, na yale malori yaliyokwenda Kagera je?

Ndugu Mhariri,

Salaam, na pole na kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, maana kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, mnatoa kurasa nzima za Vita vya Kagera na mimi huwa nazisoma zote, na kila mwaka nafunga gazeti nikiwa na swali lilelile. Mizinga mnatuandikia, ile mizinga ya roketi ya saba saba ilivyokuwa ikilia mnatuandikia, Msuguri yupo, Mayunga Mti Mkavu yupo, Walden yupo na jina lake la Black Mamba, sawa kabisa, wale makamanda wazee wanastahili. Ila hao askari walifikaje Kyaka? Huko walikula nini, na kililetwa na nini? Kulikuwa na malori bwana, mengi, na mengi kati ya hayo hayakuwa ya jeshi, yalikuwa ya watu binafsi, ya mashirika na ya vijiji. Nyie hapo mnapita na sentensi moja tu, "serikali ilikusanya magari ya raia", afu huyoo mmesharuka mko Masaka, ndani ya Uganda.

Mi naomba leo tukae kwenye hiyo sentensi.

Kwa vijana ambao hawajui, Idi Amin wa Uganda aliingiza majeshi yake mwishoni mwa Oktoba 1978, Novemba mosi akatangaza ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni mali yake, na kesho yake Mwalimu Nyerere akasema yale maneno ambayo hata mtoto wa shule anayajua, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Sasa nia ilikuwepo kweli na sababu ilikuwepo, ila uwezo ulibidi uokotwe okotwe. Jeshi letu lilikuwa halifiki askari 40,000, ndani ya miezi michache likapita laki moja ukijumlisha mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Jeshi linalokua hivyo linapata watu haraka kuliko linavyopata magari. Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, akaagiza mikoa ikusanye kila kinachofaa kwa vita na mikoa ikakusanya kweli. Reli ilikufikisha Mwanza na meli ikakuvusha ziwa, ila mzigo wa kutoka kona nyingine za nchi mpaka kwenye reli, na ule wa kutoka Bukoba kwenda mbele, ulihitaji matairi.

Mi natokea Ruvuma. Huku kwetu hakuna reli mpaka leo. Mwaka 1978 hata lami ya kwenda Makambako ilikuwa bado, ilikuja miaka ya themanini, kwa hiyo mahindi yote ya biashara ya mkoa mzima, tumbaku ya Namtumbo, kahawa ya Mbinga, vyote vilikuwa vinasubiri lori lipite barabara ya vumbi karibu kilomita 300 kwenda kukutana na TAZARA. Kurudi, lori hilohilo ndo linaleta mbolea, mbegu, chumvi, mafuta ya taa, sabuni. Ukiondoa lori huku hujaondoa usafiri tu, umeondoa soko na umeondoa duka kwa mkupuo mmoja.

Halafu angalia kalenda, na hapa ndo naomba watu wa historia wanisikilize. Mahindi ya kwetu yanavunwa kuanzia Mei, Juni, yanakaushwa, yanapukuchuliwa, ununuzi unachanganya Julai na Agosti, afu mpaka mvua ianze mwishoni mwa Novemba ndo muda wote mlio nao wa kusomba. Baada ya hapo barabara ni tope. Kila mwaka kulikuwa na mabaki yanayosombwa dakika za mwisho, Oktoba na Novemba, madereva wanalala njiani, kila mtu ana haraka kwa sababu mawingu yameshaanza kujaa. Na Novemba hiyohiyo ndo mbolea ya kupandia inatakiwa iwe imeshafika kijijini. Sasa nchi imeingia vitani lini? Novemba. Yaani ukiambiwa uchague mwezi mmoja ambao ukichukua malori ya nyanda za juu kusini utaumiza mkulima pande zote mbili, mavuno ya nyuma na kilimo cha mbele, utachagua huohuo. Sisemi Amin alituchagulia kwa makusudi, hakuwa na akili ya kilimo kiasi hicho.

Kijiji chetu kilikuwa na lori lake, Bedford, lilinunuliwa kwa hela ya tumbaku na mahindi, watu walikatwa mauzo yao misimu kadhaa mpaka likapatikana. Mlangoni liliandikwa jina la kijiji kwa rangi nyeupe. Dereva alikuwa baba yangu mdogo. Siku walipokuja watu na karatasi hakuna aliyebisha, naomba hilo lieleweke, maana kuna watu wakisikia "malori yalichukuliwa" wanafikiri wananchi walilia. Kina mama walipiga vigelegele. Watu walikuwa na hasira na Amin, walikuwa wanatoa ng'ombe, wanatoa mahindi, wanatoa vijana wao, lori lingekataliwaje. Baba mdogo akaondoka nalo kwa sababu gia ya tatu ilikuwa inaruka na ni yeye pekee aliyeweza kuishika, kwa hiyo wakachukua gari pamoja na dereva wake kama vile dereva naye ni kifaa cha gari.

Ile karatasi ipo mpaka leo, mimi ndo nayo, ni nakala ya kaboni imeshafifia lakini inasomeka. Kuna namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya bodi. Kuna hali ya matairi, na wameandika mawili mapya. Kuna turubai moja, jeki moja, spana, tairi la akiba. Kuna sahihi mbili na muhuri. Yule aliyeijaza alikuwa makini jamani, mpaka kamba za kufungia mzigo amezihesabu. Kitu kimoja tu hakimo: bei. Hakuna popote palipoandikwa hili gari lina thamani ya shilingi ngapi, na hakuna palipoandikwa litarudi lini na lisiporudi iweje. Nimeigeuza nyuma, nimeiweka kwenye mwanga, hamna.

Halikurudi. Baba mdogo alirudi katikati ya 1979, vita imeshaisha, amekuja na mabasi na treni kama abiria wengine, anasema gari lilikatika difu huko Uganda, likasukumwa pembeni ili msafara upite, likaanza kutolewa spea za kuponya magari mengine. Sikumlaumu aliyefanya hivyo na baba mdogo mwenyewe hakuwahi kumlaumu, vitani ndo mambo yanavyokwenda, gari moja linakufa ili matatu yatembee. Wazee walizunguka na ile karatasi ofisi moja hadi nyingine miaka kadhaa, wanaambiwa faili limekwenda juu, wanaambiwa mwenye faili kahamishwa, na mwisho wakazeeka.

Turudi kwenye mahindi. Gunia ni kilo 90 mpaka 100, lori la tani saba linabeba kama magunia 70, kwa hiyo magunia mia saba ni safari kumi tu, wiki mbili tatu za kazi kama barabara ni kavu. Magunia yetu yalikuwa yameshapimwa na yameshakabidhiwa, yanangoja tu kubebwa. Bohari lilijaa, mengine yakawekwa kwenye madarasa mawili ya shule, sisi tukasomea chini ya mwembe. Mvua ikaanza. Paa la nyasi lilivuja upande mmoja na magunia ya chini yakaloa, baada ya siku kadhaa ukipita dirishani unasikia joto linatoka na harufu kama ya togwa iliyochachuka, afu tukaona vichipukizi vya kijani vinatokeza kwenye nyuzi za katani, mahindi yanaota ndani ya gunia. Yale ya juu ambayo hayakuloa yakaingiwa na fukusi. Ilipofika masika ukichota konzi unapuliza, unga wote unaruka unabaki na makapi mkononi. Na hayo hayakuwa ya kula sisi wala kuyauza kwa mwingine, yalishapimwa, ni mali ya umma, mlinzi yupo na rungu lake analinda yaoze kwa utaratibu.

Mbolea ya chumvichumvi nayo ikafika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Ya kupandia hiyo. Bwana shamba akatuambia tuihifadhi kwa mwaka unaofuata, tukaihifadhi, ikashika maji ikawa mawe.

Sasa kuna wasomi watasema huo ni mfano wa kijiji kimoja. Sawa. Ila na takwimu za nchi zinaonyesha kitu. Shirika la Usagishaji la Taifa, ile NMC, msimu wa 1978/79 lilinunua mahindi zaidi ya tani laki mbili nchi nzima, mavuno ya mwaka huo yalikuwa mazuri, mazuri sana. Misimu miwili baadaye, 1980/81, ununuzi umeshuka mpaka kama tani laki moja hivi. Nusu. Na bei ilikuwa imepanda kidogo, kutoka senti 85 kwa kilo ikafika kama shilingi moja hivi, kwa hiyo usiniambie watu waliacha kuuza kwa sababu bei ilishuka. Ukame ulikuwepo, nakubali, 1980 haikuwa mwaka mzuri. Lakini mkulima aliyeona magunia yake yanaota darasani halimi eka zilezile mwaka unaofuata hata mvua inyeshe vipi. Baba yangu alipunguza akabaki na shamba la kula na kidogo cha kuuzia wenye baiskeli, na alikuwa mtu wa maendeleo huyo, mwenye kadi ya chama na picha ya Mwalimu sebuleni.

Matokeo yake mnayajua nyie mliokuwa mijini. Foleni za unga, na ule unga wa yanga, mahindi ya njano kutoka Marekani, watu wa Dar mpaka leo wakiukumbuka wanakunja uso. Mi huwa nacheka kwa uchungu nikisikia hizo hadithi, kwa sababu mwanzo wa shida ile sisi mahindi meupe tulikuwa nayo. Yalikosa gari tu.

Naomba nisieleweke vibaya, vita peke yake haikuua kilimo chetu. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, Ngoni-Matengo yetu ikiwemo, na vilipovunjwa walikwenda watu waliokuwa wanajua lori gani liende kijiji gani siku gani, kazi ikahamia kwenye mamlaka za mazao na mashirika ambayo makao yake makuu yako mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa. Mafuta yakapanda bei 1979 katikati ya vita, na spea zikawa hazipatikani kwa sababu fedha za kigeni zimekwenda kwenye silaha. Vita inasemekana ilitugharimu kama dola milioni 500, na Mwalimu akatuomba tufunge mikanda miezi 18, ambayo kila mtu anajua ilizidi na mkanda ukaisha matundu. Kwa hiyo usafiri wa mazao ulikuwa tayari unachechemea. Kuchukua malori ilikuwa ni kumpiga teke mgonjwa. Na hata vita ilipoisha Juni 1979 majeshi yetu hayakurudi yote, tulibaki Uganda mpaka 1981, na magari yaliyorudi yalirudi hoi, kwa hiyo msimu wa kusomba wa 1979 nao ukaenda hivyohivyo.

Na wenzetu wa Kagera ndo walioumia kuliko wote, siwezi kujilinganisha nao. Sisi tulipoteza lori, wao walipoteza nyumba, ndugu, maelfu ya ng'ombe, kiwanda cha sukari kiliporwa. Nikiongea habari ya fukusi mbele ya mtu wa Kakunyu au Mutukula naona aibu kidogo. Lakini hasara yao angalau imeandikwa, kuna mnara Bukoba, kuna makaburi ya mashujaa Kaboya, viongozi wanakwenda wanaweka mashada. Ya huku kusini haijaandikwa popote.

Sio mara ya kwanza nchi hii kulipa vita kwa tumbo la mkulima. Wagogo watakwambia habari za Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, Wajerumani wamepita wamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, Waingereza wakaja nao wakachukua kilichobaki, na mvua ikakata. Enzi hizo gari lilikuwa ni mtu mwenyewe, ndo alikuwa anachukuliwa kutoka shambani na mzigo unapandishwa kichwani kwake. Hao walikuwa wakoloni, hatukutegemea watupe risiti. Ila 1978 ilikuwa serikali yetu, na tuliipa kwa moyo mweupe, ndo maana inauma tofauti.

Kitu kilichonifanya nishike kalamu kabisa ni hiki. Mwaka 2007 zilitoka habari kwamba Uganda wamemaliza kulipa deni la vita, kama dola milioni 67. Nilisoma ile habari nikafurahi, nikasema haya, sasa wazee watakumbukwa. Nikasubiri tangazo, kwamba mwenye karatasi ya gari aje nayo. Hata swali la mwandishi wa habari sikuliona, kwamba hizo hela ndani yake kuna lori la nani. Labda hesabu ya malori haikuwahi kuingizwa kwenye deni, maana utaingizaje kitu ambacho karatasi yake haina bei?

Kuna wanaosema bwana mdogo (na mi sio mdogo tena, nina wajukuu), wakati wa vita unauliza lori? Nchi ingekwenda na lori lako lingekwenda. Kweli. Lakini na askari anakula. Mahindi yaliyooza darasani kwetu yangelisha kikosi. Kama mkoa ungeachiwa malori machache tu kila tarafa mpaka mabaki ya msimu yaishe, au yakachukuliwa mengi kutoka kwenye mikoa ambayo tayari imemaliza kusomba na machache kutoka ile ambayo bado, jeshi lisingekwama na bohari zisingelia. Hilo halihitaji jenerali, linahitaji karani anayejua barabara za wilaya na bwana shamba anayejua mwezi wa mvua wakae meza moja. Na gari likichukuliwa liandikwe bei siku hiyohiyo, mthamini asaini, mwenye gari asaini, dereva aandikwe jina lake na mshahara wake, maana baba mdogo miezi yote ile alikuwa sio askari na sio raia, na aliporudi hakukuwa na orodha yoyote yenye jina lake. Kwa sasa Katiba, ile Ibara ya 24, inasema mtu hanyang'anywi mali yake bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Nzuri sana. Iliingizwa 1984. Bedford letu lilikwenda 1978.

Sidai fedha. Thamani ya Bedford la miaka hiyo kwa hela ya leo hata wagawane kijiji kizima haifiki kokote. Ninachotaka ni orodha. Lazima kuna vitabu vya mikoa vya mwaka ule, kama karatasi yetu ilikuwa na nakala ya kaboni ina maana ya juu yake ilikwenda mahali. Zitolewe makabatini, tujue magari mangapi yalichukuliwa kila mkoa, mangapi yalirudi, madereva na matingo wangapi walikwenda na wangapi walikufa, na wale waliokufa waingizwe kwenye majina yanayosomwa Julai 25. Mna waandishi vijana hapo gazetini, watumeni wakapekue nyaraka badala ya kuja kila mwaka kumuuliza mstaafu yuleyule Kampala ilianguka vipi. Ilianguka Aprili 1979, tumeshajua.

Na wasomaji wenzangu, kama na kwenu kuna hiyo karatasi, kwenye sanduku la babu au kwenye Biblia au msahafu wa bibi, msiitupe kwa kuona ni takataka. Pigeni picha, ileteni kwa Mhariri. Yangu naiambatanisha na barua hii, nimefunika namba tu, mkiweza ichapeni kubwa kubwa ili hizo sahihi zionekane, inawezekana kuna mtu akamtambua mwenye mwandiko.

Wenu,
Mkulima mstaafu
Namtumbo, Ruvuma